Nafasi ya Kilo Tatu

Nisingizieni mengine yote, lakini wivu hapana. Mimi, Eskil Lantto, sina gere na mtu. Roho yangu nyeupe kuliko theluji ya Machi, na theluji ya Machi hapa Kiruna, mji wetu wa kaskazini kabisa, ukiitazama bila miwani unarudi nyumbani unapapasa kuta. Mwenzangu akipata, nafurahi. Akipanda, namshikia ngazi. Ni kweli kwamba gazeti la wilaya lilipotoa picha ya Tuva ukurasa wa mbele niliutumia ukurasa ule kufungia samaki, lakini jamani, samaki naye lazima afungwe kwa kitu.

Huyu Tuva Stålnacke tulikaa dawati moja miaka mitatu ya sekondari. Mimi ndiye niliyemfundisha kuunga nyaya bila kujiunguza vidole. Mimi ndiye niliyemnong'oneza jibu la mtihani wa fizikia, akapata alama mbili zaidi yangu, sijui kwa miujiza gani. Siku ya kumaliza shule tulivaa zile kofia nyeupe za wahitimu, tukazungushwa mjini juu ya lori tukipiga kelele kama vichaa, yeye kanishika bega la kulia. Baada ya hapo yeye akaenda chuo kikuu kusomea mimea, mimi nikapata kazi ya fundi msaidizi katika kituo cha kurushia maputo na roketi, huko msituni nje ya mji. Nikajiambia: haya, Tuva kaenda kwenye majani, mimi nimebaki na mbingu. Kila mtu na riziki yake.

Sasa, kila masika kituo chetu hurusha puto moja kubwa. Likishajaa hewa huko juu linaweza kumeza kanisa na mnara wake. Chini yake huning'inia kapu la vyuma lenye vyombo vya maprofesa kutoka nchi kadha wa kadha, na katika kapu hilo huachwa nafasi moja kwa kijana wa wilaya hii. Kilo tatu, basi. Gramu moja zaidi, hupandi. Anayepata nafasi hiyo chombo chake hufika kilomita thelathini juu, na jina lake huandikwa kwenye ripoti sambamba na majina ya wakubwa. Mwaka huu tulibaki wawili. Mimi na kipima-sumaku changu nilichokiunda kwa mikono hii miwili, miezi kumi na minne jikoni kwa mama. Na Tuva na kuvu.

Ndiyo, kuvu! Ule ukoga mkavu wa kijivu unaoota juu ya mawe, kuvumwani kwa jina la kitabuni, ambao kulungu wa theluji huufukua wakati wa baridi wakala. Aliukwangua mlimani, akausafisha, akauweka kwenye boksi lenye kidirisha, na akataka kujua kama utaishi huko juu ambako hewa karibu hakuna na jua linachoma kama limetumwa.

Jumatatu Ragnhild akatuita. Huyu ndiye mkuu wa urushaji, mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, sauti ya chini, sweta moja tangu nimjue. Akamwaga kahawa, akatumbukiza vipande vya jibini ndani kama tufanyavyo huku, akasema bila kuzunguka:

"Tuva atapanda. Eskil, wewe ni wa akiba."

Nilitabasamu. Natabasamu vizuri sana, watu wamenisifia.

"Hongera, mama kuvu," nikamwambia Tuva.

"Ahsante, baba sumaku," akajibu, na akacheka kwa furaha kabisa, bila kunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Alipotoka kwenda kumpigia simu baba yake, nilibaki.

"Ragnhild, nikuulize. Hiki kituo ni cha sayansi ya anga za juu, au ni bustani?"

"Uliza unachotaka kuuliza."

"Kuvu ni sayansi ya anga tangu lini? Bibi yangu alifanya kazi hapa kabla hata ya roketi ya kwanza. Alisoma sindano ya sumaku kila saa, mchana na usiku. Sisi ndio wenye nyumba!"

Ragnhild akalikoroga jibini lake.

"Bibi yako namjua kwa vitabu vyake vya vipimo. Mwandiko mzuri kuliko wako. Basi nikwambie. Mwanzo walikuwepo watu wa sindano peke yao. Mianga ya kaskazini ikicheza angani usiku, sindano inatetemeka, wanaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi yote. Wakaja watu wa roketi. Watu wa sindano wakasema, hawa ni mafundi wa fataki. Wakaja watu wa setilaiti, wa roketi wakasema, hawa wanakaa ofisini. Wakaja wa jua, wa sayari, wa hali ya hewa, wa kuhesabu misitu kwa picha za kutoka juu. Wakaja madaktari kutazama mifupa ya wanaanga inavyolika. Siku hizi wapo hata wanasheria, wanagombania takataka zinazoizunguka dunia. Kila aliyefika alimkuta aliyemtangulia kakaa mlangoni anamuuliza: 'Na wewe umefuata nini?'"

"Na jibu lilikuwa nini?"

"Hakuna aliyejibu. Waliingia tu, nyumba ikawa kubwa. Toka mlangoni, Eskil, kuna baridi."

Maneno mazuri. Mtu mwenye akili angeyaweka moyoni. Mimi niliyasikia kama mtu anayeambiwa na mwenye harusi kwamba chakula kipo kingi, huku sahani yake yeye imechukuliwa.

Siku mbili zilizofuata kijiba cha roho kilinikaa kama mpangaji asiyelipa. Kila nilipogeuka, Tuva. Maprofesa wa Kijerumani wanamwinamia Tuva wasikie kuvu inakula nini. Mpishi anamwongezea Tuva viazi. Mtu wa gazeti anampiga picha Tuva kashika jiwe. Jiwe! Miezi kumi na minne mimi nimeunga nyaya nyembamba kama nywele, hakuna aliyenipiga picha hata ya kitambulisho. Na yeye, badala ya kuringa ili nipate sababu, akawa ananijia kila baada ya saa: "Eskil, hebu niangalizie waya huu." "Eskil, wewe unajua zaidi." Mtu akikupita halafu akakusifu, anakupita mara mbili.

Jumatano asubuhi boksi lake lilikuwa tayari. Kilo mbili na gramu mia tisa na sitini, alikuwa amelipunguza mpaka skrubu akazitoboa katikati. Likatiwa lakiri. Na lakiri hapa ni neno zito: vile viumbe vimesafishwa, boksi likifunguliwa usafi umekwisha, unaanza upya siku nne. Puto linaruka Jumamosi. Kwa hiyo boksi lenye lakiri halifunguliwi, liwe lina nini.

Kilichobaki wazi ni kitundu kimoja nyuma, cha kupitishia waya, upana wa kidole gumba. Ndani ya kitundu kuna sufi ya kondoo ya kuzuia baridi, halafu ndipo chumba chenyewe cha kuvu.

Saa tano na nusu kila mtu akaenda kula. Mimi nikasema sina njaa, na mtu yeyote anayenijua angeshtuka hapo. Ukumbi ukawa kimya. Pembeni ya kapu palikuwa na ndoo ya punje za chuma, ndogo kama uwele. Ni uzito wa kutupa: puto likianza kushuka kabla ya wakati, zinamwagwa kidogo kidogo lipate kupanda tena. Nikachota kwa kikombe cha kahawa, theluthi hivi. Nikatazama mlangoni. Nikatazama dirishani. Nikainama nikatazama hata chini ya meza, kama mwizi wa katuni. Kisha nikamimina kwenye kitundu, taratibu, punje zikazama kwenye sufi bila sauti. Nyingine zikamwagika miguuni. Nikazifagia kwa buti, nikaenda kula. Nilikula sahani mbili.

Msinitazame hivyo. Mwenyewe nilijiambia, hakuna aliyekufa. Kuvu inakaa juu ya jiwe miaka mia mbili, itashindwa kusubiri mwaka mmoja?

Alhamisi asubuhi ndiyo mizani ya mwisho. Kila boksi hupita, mmoja anasoma, mwingine anarudia kwa sauti, wa tatu anaandika. Boksi la Tuva likawekwa.

"Tatu, nukta moja nne," akasoma Mjerumani.

Hakuna aliyerudia.

"Soma tena," akasema Ragnhild.

Wakasoma tena. Wakabadilisha mizani. Wakaleta mawe ya kupimia, wakaikagua mizani. Tatu, nukta moja nne. Uso wa Tuva ulibadilika polepole, kama maji yanavyoganda, kutoka pembeni kuja katikati.

"Haiwezekani," akasema. "Jana..."

"Jana ulipima mwenyewe?"

"Nilipima mwenyewe. Mara tatu."

Ragnhild akavua miwani. Nilimwona haipendi kazi yake. "Kilo tatu ni kilo tatu, Tuva. Sikumpunguzia profesa, siwezi kukupunguzia wewe. Eskil, lete chombo chako."

Nikakileta. Kilo mbili na mia nane. Nilikuwa nimekipangusa vumbi tangu asubuhi, kwa bahati tu, bila shaka.

Nawaambia ukweli, furaha ile ilikuwa kubwa kuliko mimi. Nilikwenda chooni nikacheza peke yangu. Niliporudi Tuva alikuwa amekaa kwenye kreti, boksi mapajani, anaandika hesabu mkononi kwa kalamu. "Nimekosea wapi?" akanong'ona, si kwangu, kwa ule mkono. Nikampiga bega. Nikamwambia yote ni maisha.

Ijumaa asubuhi ikabaki hatua moja: kipima-sumaku sharti kijaribiwe kwenye kibanda. Kibanda hicho ndicho alichokalia bibi yangu, kipo katikati ya misonobari mbali na kila kitu, cha mbao tupu, na misumari yake yote ni ya shaba, kwa sababu chuma kinaidanganya sindano. Anayeingia humo anavua kila kitu chenye chuma: mkanda, funguo, saa, na kina mama wenye sidiria za waya huzitundika nje kwenye msumari wao, usiulize. Ragnhild akaingia kwanza na chombo changu, akakiwasha. Mimi nikavua mkanda, nikatoa simu, nikaingia nimeshika suruali.

Kwenye skrini yake ndogo mstari ulikuwa umetulia kama ziwa. Nikapiga hatua. Mstari ukaruka.

"Umeacha funguo?"

"Nimetoa."

"Rudi nyuma."

Nikarudi. Ukatulia. Nikasogea. Ukaruka juu, ukashuka, ukatambaa kama nyoka aliyekanyagwa.

"Una jino la chuma?"

"Nina moyo wa chuma," nikasema. Ragnhild hakucheka.

"Eskil, ama ni wewe ama ni chombo. Wewe umevua kila kitu. Basi ni chombo, kina waya unaolegea, kila ubao ukitikisika kinapiga kelele. Chombo kigonjwa sikipandishi. Afadhali nafasi iende tupu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kitu chini ya kisigino. Nilikuwa nimekihisi tangu juzi, nikadhani kokoto. Mji wetu wakati wa baridi barabara zote humwagwa kokoto watu wasiteleze, kila buti lina kokoto zake, hakuna anayehangaika nazo. Unatembea nazo mpaka Mei. Mtu wa mahali pengine angevua buti siku ile ile. Mimi mwenyeji nilitembea na ushahidi siku mbili, tena nikaupeleka kwa miguu yangu mahali pekee wilaya nzima panapoweza kuunusa.

"Nikakojoe kidogo," nikasema.

"Sasa hivi?"

"Ni hofu."

Nyuma ya kibanda nikasimama mguu mmoja kwenye theluji, baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, soksi hewani, natikisa buti kama kengele ya kanisa. Punje saba. Nikazitupa msituni mbali kadiri mkono ulivyoweza. Nikarudi, nikasogea mpaka pua ikagusa chombo. Mstari kimya.

Ragnhild akaitazama skrini, kisha buti zangu.

"Umefanya nini?"

"Nimekojoa tu."

"Basi ulikuwa na mkojo wa chuma," akasema, akaweka saini.

Desturi ya kituo ni kwamba mwenye bahati ndiye analeta keki. Ukipata mtoto, leta keki. Ukitimiza miaka, yako mwenyewe, leta keki. Sasa mimi nilipata mbingu. Nikaenda mjini nikanunua ile ya kijani, yenye malai tele ndani na waridi la sukari juu, kubwa ya watu arobaini. Saa nane na nusu, wakati wa kahawa, nikaiweka katikati ya meza ya ukumbini kama mtu anayeweka kombe.

Wote walikuja. Maprofesa, mafundi, mpishi. Hjördis, mwendesha ile kreni ya darini ukumbini, alikaa mwisho wa meza na kikombe chake cha bati. Alhamisi nzima hakuwepo, alikuwa mjini kwa daktari wa meno, na shavu bado lilikuwa limevimba. Mama huyu husema maneno kumi kwa siku, na tisa ni kuuliza kreni ishuke au isishuke. Na Tuva alikuja. Nilidhani hatakuja. Macho mekundu, nywele kazifunga vizuri, mkononi kashika donge la sufi, masalio ya ile aliyojazia boksi lake.

"Chukua," akaniambia. "Nimekipimia chombo chako, kinaingia sawasawa. Juu kuna baridi ya nyuzi sitini chini ya sifuri. Betri yako itakufa bila hii."

"Sasa wewe..."

"Mimi sina kazi nayo tena." Akajaribu kucheka. "Nimeandika barua ya kuacha mpango wa utafiti wa anga niliojiunga nao chuoni. Mtu asiyeweza kupima kilo tatu atapima nini huko? Labda utani wako ni kweli, watu wa kuvu wakae msituni."

"Usiitume hiyo barua leo," akasema Ragnhild haraka.

"Nitaituma Jumatatu."

Meza ikapoa. Mtu mwenye utu angesema neno hapo. Nalo neno lilikuwepo, lilikuwa limesimama nyuma ya meno yangu limevaa viatu. Lakini nilitazama ile fomu yenye saini ya Ragnhild, jina langu juu yake, nikalikalisha chini. Nikakata kipande kikubwa cha keki, nikakitia mdomoni, nikafanya nifanyavyo siku zote.

"Jamani, tusilie. Kuvu ni kuvu. Iliona ndoo ya maji ukumbini Jumatano usiku, ikatoka, ikanywa gramu mia moja themanini, ikarudi kulala. Kesho itaamka na kichwa kinauma."

Mjerumani alicheka. Mpishi naye. Hata Tuva aliinua mdomo upande mmoja, kwa adabu.

Hjördis akaweka kikombe chini.

"Ngapi?"

"Nini ngapi?" nikauliza, mdomo umejaa.

"Gramu."

"Mia moja themanini," akasema Ragnhild. "Ndizo zilizomtoa Tuva. Hukuambiwa?"

"Sikuwepo." Akashika shavu, akafikiri. Kisha akanigeukia, wala si kwa hasira, kama anayerekebisha hesabu tu. "Lakini si maji, Eskil. Wewe uliziweka Jumatano mchana, kwa kikombe. Zile punje za chuma."

Mpishi akasukuma sahani yake ya keki pembeni.

"Nilikuwa juu kwenye kreni nakula mkate wangu," akaendelea. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Ulitazama mlango, ukatazama dirisha, ukatazama chini ya meza. Nikasema, huyu kapoteza nini? Halafu ukamimina kwa nyuma. Nilidhani umetumwa. Nilidhani ni uzito wa majaribio."

"Umetumwa na nani?" Ragnhild akaniuliza, polepole sana.

Kituo kizima hiki, watu arobaini, tunalipwa kutazama juu. Ungedhani hata mmoja wetu ana mazoea ya kutazama dari.

"Eskil?" akasema Tuva. Jina langu tu.

Nikafungua mdomo nitoe mzaha. Mdomoni hamkuwa na kitu ila keki.